Waliosoma Kitabu cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinisimulia yaliyompata vitani, nikayachapa, tukapata kitabu chembamba chenye jalada la bluu. Yeye ni muuza vitenge Buseresere. Alivuka mpaka akiwa msichana, baada ya ndugu zake kuuawa ndani ya kanisa walimokimbilia. Mimi ni mwalimu, naishi Kambarage, Shinyanga. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kuandika. Kumbe ilikuwa kusomwa.

Wasomaji wa kwanza walimkwaza kwa sifa. Mzee mmoja wa kanisa alimshika mkono pale dukani, akamwambia, "Mama, kitabu chako kizuri sana." Mama aliponipigia simu jioni ile alikuwa bado anashangaa. "Kizuri? Kipi kizuri humo?"

Wateja nao wakawa wanaingia dukani kimya kimya kama waliofika msibani. Jirani yake muuza mchele, Msukuma waliyezoea kutaniana kila asubuhi, aliacha utani kabisa. "Pole, mayu," anasema, yaani mama, kisha anapita. Hilo lilimuuma mama kuliko yote. Siku moja akamfuata mpaka kwenye magunia yake.

"Mimi ni yule yule wa juzi. Nitanie!"

Jirani akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Haya. Vitenge vyako vinachuja."

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alisoma mpaka pale mama yake, bado msichana, anapomfunika mdogo wake kwa majani ya mgomba. Akakifunga. Sijamuuliza ataendelea nacho lini.

Likizo ya Desemba nilikuwa Buseresere alipokuja mwanamke mmoja kutoka Geita, mama lishe anayewapikia wachimbaji. Kitabu alikuwa nacho mkobani, kimejaa madoa ya mafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikaa, lakini soda tuliyompa hakuigusa. "Mama, nimesoma kitabu chako. Kile kijiji ni chetu pia. Sisi tulikimbilia huku baadaye. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofunga milango ya kanisa. Aliniambia mwenyewe kabla hajafa."

Nilisimama. Kwa kweli nilitaka kumtoa nje. Mama akanionyesha kiti kwa mkono, nikakaa.

"Wakati ule ulikuwa na umri gani?" akamuuliza.

"Nilikuwa mgongoni kwa mama yangu."

"Basi wewe sina cha kukusamehe. Na baba yako siwezi kumsemea. Waliokuwa ndani ndio wangemjibu."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa. "Sikuja kwa ajili ya msamaha, mama. Umeandika kwamba hujui ndugu zako walizikwa wapi. Baba aliniambia."

Mama akalaza vizuri kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo wowote. Kisha akauliza, "Wapi?"

"Nyuma ya kisima cha shule, kwenye mteremko."

"Kisima cha pampu, au kile cha kamba?"

"Cha kamba."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nilipika ugali na sato, mgeni akanisaidia kuosha vyombo bila kuombwa. Mama alitoka macho yamevimba, akala kidogo, akamwuliza habari za biashara Geita.

Baada ya masika walivuka mpaka pamoja, nami nikafuatana nao. Kisima kilikuwa kimefukiwa, lakini wazee wa pale walikijua, na mteremko ulikuwepo, umefunikwa na magugu. Mama aliwaita ndugu zake mmoja mmoja kwa lugha ya kwao, sauti yake ya kawaida tu, kama anawaita waje kula. Mwanamke wa Geita alibaki barabarani, mikono kifuani.

Mama akageuka. "Mbona umesimama huko? Njoo tung'oe haya magugu."

Akaja. Tukang'oa mpaka jua likawa kali, tukapumzika, tukaendelea.