Mwitikiaji wa Um Turki

Kwa miaka saba nimempeleka Mwatime kazini, na katika miaka hiyo sikuwahi kumwona akiimba hata mara moja. Anaimba kwenye harusi za wanawake, na mwanamume haingii huko. Namshusha mlangoni pamoja na wenzake watano na madufu yao, kisha naegesha gari nyuma ya ukumbi na kukaa na madereva wengine. Kinachonifikia ni kile kinachopenya ukutani: bosi wetu, Um Turki, anaita ubeti, na kundi linamjibu. Mwatime yumo katika hilo kundi. Ilinichukua mwaka mzima kuitambua sauti yake, kwa sababu mwitikiaji mzuri ni yule usiyeweza kumtofautisha na wenzake.

Wala hakuna pengine pa kumsikia. Kwenye harusi hizo simu zote hukusanywa mlangoni, za wageni na za wafanyakazi, ili picha za wanawake waliojipamba zisitoke nje. Mwanamke huyu ameimbia maharusi wa Jeddah na Riyadh mpaka idadi imempotea, na hakuna sekunde moja iliyohifadhiwa popote. Nikilifikiria hilo nachoka kwa niaba yake.

Alianzia Likoni, kwenye kundi la taarab la mjomba wake. Alikuwa mmoja wa waitikiaji wanne waliokaa nyuma ya mwimbaji, na baadaye studio za Mombasa zikawa zinamwita kutia sauti za nyuma kwenye nyimbo za watu. Majina ya hao watu yaliandikwa juu ya kaseti na baadaye juu ya sidii. Lake halikuandikwa, naye anasema hakuliulizia. Mumewe alipomwacha na binti wa miaka tisa, Mishi, alimkabidhi mtoto kwa dada yake akaja huku Jeddah kufanya kazi za ndani kwa Um Turki.

Siku moja Um Turki alikuwa sebuleni akifanya mazoezi na kundi lake, na mwitikiaji mmoja hakuwa amefika. Mwatime alikuwa jikoni anapiga pasi. Kiarabu chake wakati huo kilikuwa cha kuomba maji na chumvi tu, lakini ubeti ulipoitwa, akaitikia. Anaapa kwamba hakukusudia, mdomo ulijiendea wenyewe. Um Turki akaja akasimama mlangoni, akamtazama, akamwambia arudie. Tangu hapo Mwatime akawa na kazi mbili: mchana anapiga pasi magauni ya waimbaji, jioni anavaa moja. Ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, mpaka leo inasema mfanyakazi wa nyumbani, na kafili, yaani mdhamini, ni mume wa Um Turki.

Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Magoti yamevimba kwa kusimama. Nyimbo za Kiarabu alizojifunza kwa sikio amezinakili kwa herufi zetu katika madaftari matatu yaliyo chini ya kitanda chake, kule Hindawiya, mtaa wa Jeddah tunakopanga vyumba. Nyumbani amekwenda mara mbili tu.

Mwaka huu Mishi aliposwa, na harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, mara baada ya Ramadhani. Mfunguo Mosi ndipo Wasaudia nao wanaoana kama watu walioambiwa ukumbi unabomolewa kesho. Mwatime aliomba ruhusa ya wiki mbili. Nilikuwa kwenye usukani na nikasikia kila neno.

"Mafi safari, hakuna kusafiri," Um Turki alisema. "Baada ya msimu, ukitaka kaa hata mwezi. Wewe ni dada yangu, Mwatime. Nikikukosa wewe, kundi litayumba."

Um Turki si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alimsifu na kumfungia mlango kwa pumzi moja. Mwatime alisema "sawa madam" akageukia dirishani. Mimi ndiye niliyekasirika mpaka nikapita taa nyekundu, na hasira yangu haikumfaa kitu.

Mishi alilia siku mbili kwenye simu, kisha akatuma ujumbe wa sauti. Mwatime aliniwekea niusikilize mara tatu ndani ya gari. "Haya mama, kama huji, basi niimbie. Nataka kuingia ukumbini kwa sauti yako, ikinitaja jina. Sitaki uitikie. Uimbe wewe."

Alitunga wimbo wake kwa siku nne. Ijumaa baada ya swala ya alasiri nilimpeleka Baghdadiya, kwa Cliff, kijana wa Kakamega anayefunga spika kumbini na ambaye ana kompyuta na maiki katika chumba alichokizungushia magodoro. Cliff alimvalisha hedifoni, akamwekea mapigo ya dufu, akahesabu mpaka nne. Mwatime hakuimba. Akahesabu tena. Mwatime alivuta pumzi, mapigo yakapita, ndipo akaanza, amechelewa ubeti mzima.

Walirudia mara saba. Kila mara alisubiri.

"Mathe, usingoje mtu," Cliff alisema. "Ni wewe unaanza."

"Najua, mwanangu. Lakini hakuna anayeniita."

Sikuweza kuvumilia, na nikafanya kosa ambalo sasa nalibeba mimi. Nikasema nitasimama mbele yake nimwitie kwenye maiki ya pili, yeye afuate, kisha Cliff aifute sauti yangu. Mimi ni Mkisii, na kwaya ya kanisa letu iliwahi kuniomba kwa heshima nipange viti. Lakini nilichukua karatasi nikasoma kwa kelele: "Mishi binti yangu, inua uso wakuone!"

Na Mwatime akaingia. "Aingie, aingie, nyumba ilimngoja." Aliingia papo hapo, chini kidogo ya sauti yangu mbovu, akaishika kama unavyomshika mgonjwa kiwiko ili atembee. Macho alikuwa ameyafumba. Nilikaribia kusahau kusoma ubeti wa pili. Tulimaliza beti nne bila kosa, na Cliff akapiga makofi.

Cliff alipoifuta sauti yangu ndipo tulipogundua tulichokifanya. Dufu lilipiga, pakawa kimya, kisha Mwatime akajibu. Kimya tena, akajibu tena. Alikuwa ameimba viitikio tu, na jina la Mishi lilikuwa kwenye beti zote nne, zile nilizoziita mimi.

"Turudie," nilisema. "Au iachwe sauti yangu."

"Danka, mwanangu asiingie ukumbini kwa sauti ya dereva. Watasema gari limefika." Alicheka kidogo, akavua hedifoni. Simu yake ikaita: Um Turki, yalla, nguo zipakiwe, kesho alfajiri tunaondoka kwenda Riyadh. "Halas," akamwambia Cliff. "Tuma hivyo hivyo. Nimechoka."

Jumapili ya harusi ya Mishi tulikuwa Riyadh, tumeegesha nyuma ya ukumbi, jua la alasiri limelala kwenye dashibodi. Wenzake walikuwa wameshaingia kupanga madufu. Mwatime alibaki garini na simu kwa sababu dada yake alipiga ya video. Tuliona dari, kisha viatu, kisha umati wa buibui na leso, na mlango ukafunguliwa. Mishi alisimama pale, mwembamba, uso ameuinamisha. Dufu likaanza.

Pakawa kimya. Wanawake wa Likoni wakatazamana, mmoja akamgeukia mtu wa spika.

Na hapo, katika kiti cha nyuma cha gari langu, Mwatime aliimba. Hakuchelewa. "Mishi binti yangu, inua uso wakuone." Kwenye simu, sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka Likoni: aingie, aingie, nyumba ilimngoja. Akaita ubeti wa pili, akajibiwa, akaita wa tatu, na wa nne. Ilikuwa sauti pana ambayo sikujua anayo. Ilijaza gari, na mimi nilitazama mbele nikilia kama mtoto, sioni haya kulisema.

Huko hawakumsikia. Simu ya dadake ilikuwa juu ya vichwa vya watu, katikati ya vigelegele. Mishi alitembea katika vile vimya vinne mpaka kitini kwake. Um Turki aligonga kioo cha gari, akasema yalla, na Mwatime akafuta uso kwa mtandio, akaenda kukabidhi simu mlangoni. Baada ya muda nikaanza kusikia ukutani: Um Turki akiita, kundi likijibu.

Kesho yake Mishi aliuliza, kwa upole, kwa nini jina lake halikuwemo. Mamake akamjibu kwamba mashine iliharibu. Nilipomwuliza kwa nini asimweleze, alisema hana nguvu za kueleza, na kwamba nani angemwamini.

Basi naeleza mimi. Mishi, jina lako lilikuwemo. Mama yako alilitaja mara nne, wakati wenyewe hasa ulipokuwa unaingia, na mimi Duncan, Danka wake, nilikuwa kwenye usukani nikasikia.