Mkono Wangu Ukutani Kiboko

Nilipoolewa, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilihamia nyumba ya kazini kwa mume wangu pale Kiboko. Yeye alikuwa afisa wa mbegu. Mimi nilikuwa mwalimu kutoka Kasikeu, nikingojea uhamisho ambao haukuja. Alfajiri alikuwa akiondoka na gari la kazi, wakati mwingine asirudi siku tatu, nami nilibaki na ua wa waya, vumbi, na malori yakinguruma barabarani kuelekea Mombasa. Nikiomba kwenda mahali, jibu lilikuwa moja: "Ngoja nirudi."

Bafu lilikuwa na shawa. Kwetu tulioga kwa karai, kwa hiyo mwanzoni niliiona kama utajiri. Lakini maji ya Kiboko yana chumvi. Matundu ya kile kichwa yalikuwa yameziba kwa ukoko mweupe, ikawa maji yanadondoka matone mawili matatu kama ng'ombe aliyekauka maziwa. Mume wangu alinunua kichwa kipya, akakiweka juu ya kabati, kikakaa huko miezi.

Kisha baba mkwe akaja kukaa nasi wiki moja, akitibiwa macho. Kwetu Ukambani mke wa mtu na baba mkwe wake wana nthoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Nilimwekea chakula mezani nikaondoka. Yeye alikaa barazani ameupa mlango mgongo, fimbo magotini. Siku tatu tulikuwa tumesalimiana tu.

Nikaona aibu mzee aoge kwa matone. Mume wangu alikuwa safarini. Nilichukua spana, nikapanda juu ya stuli, nikafunga koki ya shawa, nikakishika kile kichwa cha zamani na kukizungusha. Hakikusogea. Nikakaza kwa mikono miwili. Kilichozunguka ni bomba lote, likakatika nyuma ya koki, karibu na ukuta. Nikabaki nimeshika kichwa, koki na kipande cha chuma, na maji yakinipiga kifuani.

Nilitupa vile vitu, spana nikaiweka kidirishani, nikaziba tundu kwa kiganja. Maji yakatulia, ila yakawa yanachuruzika kati ya vidole hadi kwapani. Sikujua yanafungwa wapi. Yalitoka kwenye tangi la nyuma ya nyumba, ambalo tulilitumia nyumba mbili, na lilijazwa Jumanne na Ijumaa tu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jirani yangu alikuwa na mtoto mchanga, na asubuhi hiyo alikuwa amempeleka kliniki. Nikiondoa mkono, tangi litaisha, na mama wa watu atakosa hata maji ya kuchemsha uji.

Basi nikasimama. Gauni limenigandia mwilini, leso imeanguka, nywele zinatona maji. Nilibadilisha mkono, maji yakaruka hadi dari. Nikarudisha. Bega likaanza kuchoma, kisha likafa ganzi. Mtu pekee aliyekuwa karibu ni yule ambaye hakupaswa kuniona hivyo. Nililia, na nikajua silii kwa sababu ya bomba peke yake.

Mwishowe mguu ulianza kutetemeka juu ya stuli. Nikaita, "Baba!"

Kisha fimbo ikagonga sakafu ya baraza, ikazunguka nyumba, ikasimama chini ya kidirisha cha bafu.

"Nani ameumia?"

"Hakuna, Baba. Bomba limekatika. Nimeliziba kwa mkono."

"Limekatika ndani ya ukuta au limebakiza kipande?"

Nilishangaa swali lenyewe. "Limebakiza. Kama urefu wa kidole."

"Usitoe mkono. Nilichunga pampu ya maji kwenye shamba la mkonge kabla mume wako hajazaliwa. Unene wake?"

"Kama kidole gumba changu."

Nikasikia kisu kikichonga mti, polepole. Macho yake hayakuona vizuri. Nadhani alichonga kwa kupapasa. Mara mbili aliuliza unene tena. Kisha mkono wake ukaingia kati ya vioo vya dirisha, umeshika kigingi kilichofungwa kitambaa chake cha jasho. Uso aliuelekeza kule uani.

"Kipige kwa kile chuma chako. Usiogope maji. Maji hayana meno."

Nikavuta pumzi, nikaondoa kiganja. Sikuona kitu. Nikakisukuma kigingi, nikapiga kwa spana mara moja, mbili, nikakosa nikapiga ukuta, nikapiga tena. Maji yakakatika. Nilikaa sakafuni, na mkono haukutaka kukunjuka.

Nilipotoka nimebadilisha nguo, alikuwa amerudi kwenye kiti chake, mgongo mlangoni. Fimbo yake ilikuwa imepungua shibiri nzima.

Ijumaa mume wangu alirudi, akasikia habari, akacheka. "Si ungefunga tu valvu ya nyuma, pale chini ya tangi kwenye nyasi? Kila mtu anaijua."

Aliyejibu ni baba yake, kutoka barazani, bila kugeuka.

"Huyu ulimwonyesha?"

Mume wangu aliacha kucheka.

"Umemweka mtu ndani ya nyumba miezi yote hiyo, hujamwonyesha hata maji yanafungwa wapi. Nenda naye sasa, mimi nikisikia."

Tukaenda nyuma ya nyumba, sisi wawili, jua likiwa kali. Alipiga magoti, akafukua nyasi, akaniwekea mkono juu ya gurudumu dogo lenye kutu. Nililifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Alisema inatosha, lakini mimi niliendelea.