Kumnyamazisha Mbwa wa Baba

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Olasiti pembezoni mwa mji, migomba michache nyuma ya jiko, na mbwa asiye na jina. Jina hakumpa makusudi. Aliamini mbwa mwenye jina anaweza kuitwa na mwizi akamfuata, kwa hiyo alimwita "wewe," na mbwa akaitika. Mchana alifungiwa kwenye banda la mabati lisilo na dirisha, usiku akafunguliwa. Kwa wengi wa kwetu huko ndiko kufuga mbwa wa ulinzi: asizoee sura, asizoee mchana, na chakula apewe na mkono mmoja tu. Mkono wenyewe ulikuwa wa baba, na tulishamzika baba mlimani kwao.

Nilirudi nyumbani kumwangalia mama. Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kufundisha mbwa wa kunusa, wale wanaozungushwa kwenye magari na mizigo kutafuta pembe za ndovu. Ndugu zangu waliona ni kichekesho kikubwa. "Unafundisha mbwa wa serikali, wa kwenu anakutoa jasho?" alisema kaka yangu, anayelima vitunguu Nduruma na kuja kutuona akipata nafasi. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikimsukumia mbwa sahani ya ugali kwa fimbo ya fagio, na hasira zangu zilikuwa karibu.

Mama miguu ilikuwa imevimba, na presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga mtupu. Alijua dirisha liko wapi, hakujua nani amesimama mbele yake. Kutwa alikaa kwenye kiti kando ya dirisha la chumba chake, linalotazama geti. Mimi sikuweza kwenda mbali kwa sababu ya mama, mama hakuweza kwenda popote kwa sababu ya miguu, na watu hawakuweza kuja kwetu kwa sababu ya mbwa. Mbwa akisikia hatua barabarani alijibamiza kwenye mabati ya banda mpaka nyumba nzima ikatetemeka. Nilikuwa nikisimama jikoni na mwiko mkononi, nikimsikiliza, najisemea kwamba humu ndani tumefungiwa watatu na mwenye ufunguo amekufa.

Kilichomuumiza mama zaidi ni ibada ya nyumba kwa nyumba. Sisi ni Walutheri, na kila Jumamosi asubuhi Wakristo wa mtaa hukutana kwenye nyumba moja, wiki inayofuata nyumba ya jirani, hivyo hivyo mpaka mtaa unaisha. Zamu yetu ilipofika hawakuingia. Walisimama barabarani, wakaimba ubeti mmoja, mwinjilisti akaomba kwa kupiga kelele ili amshinde mbwa, kisha wakaenda kusalia nyumba ya pili. Mama alikuwa amevaa tangu alfajiri. Alisikiliza nyayo zao zikiondoka, halafu akaniambia nimvue kilemba.

"Sitaki kufa kwenye nyumba ya kuimbiwa kutoka barabarani," alisema.

Kisha bati moja la banda likaachia. Jirani yetu Mwarusha, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima humwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alikuwa amefungua geti akiniletea maziwa mgando. Mbwa alimvamia, akashika kitenge, akakichana toka kiunoni hadi chini. Ngozi hakuigusa. Yeyo alibaki amesimama na shumizi yake mbele ya watu, maziwa yamemwagika miguuni, na maneno aliyoyasema kwa lugha yake sikuhitaji kutafsiriwa.

Kaka alikuja siku ileile. "Nitamleta daktari wa mifugo. Sindano moja, hatasikia kitu."

"Kosa si lake. Amefungiwa gizani maisha yake yote, ungekuwa wewe ungesalimia watu?"

"Mimi simo kwenye banda, na mimi simchani mtu kitenge."

Tulibishana mpaka mama akatuita wote wawili. Tukakubaliana mbele yake. Zamu yetu ya ibada ingezunguka tena baada ya miezi michache. Watu wakiingia na kutoka salama, mbwa atabaki. Akimgusa hata mmoja, sindano. Mama hakusema yuko upande gani. Aliuliza tu kama safari hii wataingia kweli, nami nikamwambia wataingia.

Nikaanza na pua, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Mbwa mwenye hofu ukimwambia nyamaza unampigia kelele tu juu ya kelele zake. Ukimpa kazi ya kutafuta, kichwa kinashuka, pumzi inabadilika, na yale macho ya kutaka ugomvi yanalegea. Nilitupa dagaa bandani, kisha nikawaficha dagaa ndani ya gunia, kisha gunia nikalijaza magunzi ili awatafute kwa bidii. Mwanzoni alikula na mgongo ukutani. Siku moja nilimkuta ameingiza kichwa chote kwenye gunia, mkia unakwenda huku na huku, na pikipiki ikapita barabarani asiisikie. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi nikalia kwa furaha, halafu nikajifuta haraka kabla mama hajaniuliza nina nini.

Nilimtoa bandani mchana, geti likiwa na kufuli, akawa anatafuta uani: chini ya ndoo, kwenye migomba, kwenye viatu vya zamani vya baba. Nilimfundisha akipata kitu akae kitako, kama nilivyowafundisha wale wa pembe. Alikaa vizuri kuliko wao. Lakini kutafuta dagaa ni jambo moja, na kumvumilia binadamu ni jingine. Nilitaka harufu za watu wa ibada zimfikie kabla ya watu wenyewe, ziwe ndizo zinazoficha dagaa, ili siku wakiingia getini awe ameshawajua kwa uzuri. Nilichohitaji ni nguo zao zilizovaliwa, zisizofuliwa.

Hapo nikafanya ujinga wa mwisho. Nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, halafu nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba nguo yenye jasho. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Ya jasho langu mimi?" akaingia ndani na hakutoka tena. Mwingine alianua nguo zake kwenye kamba mbele ya macho yangu, zikiwa bado zinadondosha maji. Kufikia Jumapili mtaa wote ulishajua kwamba binti wa marehemu amerudi kutoka maporini na anakusanya nguo za watu. Yeyo, ambaye kitenge chake kilishachanwa, alisema yeye amekwisha kutoa cha kwake.

Mwinjilisti alikuja kuniuliza, akasimama nje ya geti. Nilimweleza. Alifikiri, akakuna kidevu. "Unajua tatizo lako, dada? Umeomba chemba. Vitu vya namna hiyo vinaombwa hadharani."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyumba iliyokuwa na zamu ya ibada na mfuko mtupu. Nilieleza mbele ya wote, mfuko ukawekwa katikati, mwinjilisti akauombea. Sijawahi kuona mfuko wa sokoni ukiombewa kwa nguvu kiasi kile. Ndipo wakatoa, kila mmoja akionwa na wenzake: leso, mtandio, fulana ya shambani. Yeyo alinitupia kipande cha kitenge chenyewe kilichochanwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa wasiwasi hata siku za kawaida, alivua soksi moja akaitumbukiza. Nilipomwambia ningeshukuru zote mbili, alikataa. "Hii nyingine nabaki nayo. Ukinifanyia kitu, ninayo ya kutolea ushahidi." Watu walicheka mpaka benchi likalia.

Soksi ile mbwa aliipenda kuliko vyote. Sijui mzee alikuwa anakanyaga nini.

Kazi ilikwenda. Lakini kulikuwa na jambo lililonishinda. Asubuhi, nikiwa naye, watu walipita barabarani na yeye akaendelea kunusa. Nikienda sokoni nikirudi, namkuta getini amesimamisha manyoya, anabweka kama siku ya kwanza. Nilibadilisha saa za mazoezi, nikabadilisha chakula, nikamlaumu mbwa, nikajilaumu. Usingizi wangu uliharibika. Zamu yetu ilikuwa inakaribia, kaka alikuwa anapiga simu kuuliza, na mimi kila nilipoufunga mlango wa geti nilihisi ninajifungia mwenyewe.

Siku moja niliinama chini ya dirisha la mama kuokota ndoo, nikaona vipande vya nyama vimetapakaa kwenye udongo. Nyama ya kwenye sahani ya mama. Niliingia ndani hata sikuvua viatu.

"Mama, unampa nyama mbwa?"

"Akibweka."

"Unampa nyama kwa sababu amebweka?"

"Sasa anyimwe, na kazi amefanya?"

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mimi navunjika mgongo kumnyamazisha na yeye anamlipa kwa kelele, kwamba anamuua kwa mkono wake. Mama alisubiri nimalize. Alikuwa na namna yake ya kusubiri, mikono juu ya magoti.

"Ukienda sokoni, nani ananiambia kuna mtu nje?" alisema. "Akibweka kwa kukatakata, ni pikipiki. Akivuta sauti, ni mtu wa miguu. Watoto wa shule anawabwekea kwa haraka kisha anachoka. Mimi sioni, mwanangu. Huyu ananisomea barabara."

Ilinichoma, sitasema uongo. Lakini nilikuwa na tarehe mbele yangu na mbwa wa kuokoa, na mtu mwenye haraka anasikia nusu. Nikamwambia akiendelea hivyo, siku ya ibada itaisha kwa sindano. Aligeuza uso dirishani.

"Basi. Sitampa tena."

Alitimiza. Mbwa akaanza kukaa kimya mchana kutwa, na nyumba ikatulia, na mimi nikajisifu moyoni. Niliona mama amepungukiwa maneno siku zile. Nilidhani ni baridi ya Julai, ule ukungu unaoteremka mlimani na kuufanya mji mzima ukae ndani ya sweta.

Jumamosi yetu ilifika. Nilimvalisha mama kitenge alichovaa harusini kwa kaka, nikamfunga kilemba, nikamweka kwenye kiti chake na kitabu cha nyimbo magotini, ingawa hawezi kukisoma. Niliwaomba watu wa ibada waje kwa masharti yangu: hakuna hodi, hakuna kusalimiana kwa sauti, hakuna kuimba mpaka niruhusu. Waingie mmoja mmoja, ubavu-ubavu, wasimtazame mbwa machoni, wakae kwenye mabenchi niliyoyapanga uani. Dagaa nilikuwa nao mfukoni, kamba ndefu mkononi. Kaka alisimama kando ya banda akiwa ameshika simu, namba ya daktari ikiwa tayari.

Waliingia kimya. Sijawahi kuona Walutheri wakiwa kimya namna ile. Yeyo aliongoza, kitenge kipya, kidevu juu. Mbwa alisimama, manyoya ya shingo yakainuka, nami nikaikaza kamba. Kisha pua yake ikashuka. Akanusa hewa, akanusa pindo la yeyo, akapita. Akamnusa mwinjilisti, akapita. Mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma majina anayoyafahamu. Alipofika kwa mzee wa kanisa aliinamisha kichwa kwenye viatu vyake, akavuta pumzi ndefu, akakaa kitako.

Alikuwa amepata. Mzee alinitazama, nami nikamwonyesha kwa ishara ampe dagaa. Alimpa kwa vidole viwili, macho amefumba. Mabega ya watu yalikuwa yanatikisika kwa kicheko walichokizuia. Kaka akarudisha simu mfukoni. Nilimkabidhi kamba nikaenda kumtoa mama, na nilikuwa nakwenda kwa kujivuna, natamani hata baba angeona.

Mama alikuwa ameelekeza uso dirishani. Kilemba alikuwa amekivua mwenyewe, kimelala juu ya kitabu. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni na hakuwa amehangaika kuyafuta.

"Nyayo nimezisikia barabarani, kisha zikakatika. Wamepita," alisema. "Wamepita tena. Safari hii hata ubeti hawakuimba."

Nilisimama mlangoni. Nje ya dirisha, hatua chache kutoka alipokaa, mtaa mzima ulikuwa umekaa kwenye mabenchi umebana pumzi kwa amri yangu.

"Mama, wako hapa uani. Wote."

"Mbona mbwa hajasema?"

Nilikwenda dirishani, nikasimama karibu na kiti chake, nikamwambia mwinjilisti kupitia kwenye nondo aanze wimbo, kwa sauti yote waliyonayo. Alimwangalia mbwa, akaniangalia mimi. Nikamwambia tena. Yeyo hakungoja, akaanza yeye, wengine wakamfuata. Mbwa aliinua kichwa. Hakunyanyuka, hakuvuta kamba. Alifungua kinywa akabweka mara moja, sauti ndefu iliyovutwa.

"Mtu wa miguu," alisema mama, na mkono wake ukaanza kupapasa kutafuta kilemba.

Kaka alinitazama kutoka upande wa pili, anauliza kwa macho kama hiyo inahesabika. Niliingiza mkono mfukoni, nikaupitisha katikati ya nondo, nikamrushia mbwa dagaa.