Kikombe cha Fundi wa Gatini

Fundi wa pale gatini hashiki spana kabla hajamimina kahawa, na hilo lilimchemsha Oddvar kuliko lori lake. Alikuwa na shehena ya samaki wa kuwahi feri ya saa nane, na mshale wa joto ulikuwa umeruka hadi kwenye wekundu dakika tano tu baada ya kuwasha injini.

"Mama, samaki hawangoji kahawa."

"Wameshakufa hao, baba. Wana haraka gani?"

Akatua kikombe chake kisicho na mkono juu ya bampa, akalaza kiganja kwenye mpira wa rejeta, akafumba macho. Kiganja hakikuungua. "Injini haiumwi. Inasingiziwa."

Akafungua sensa ya joto, akaziba tundu kwa kizibo cha chupa alichokitoa mfukoni, akaipangusa sensa mara mbili kwa kitambaa. Kisha akaiunga na mita na kuichovya kwenye kahawa inayofuka. Oddvar akatumbua macho. Namba kwenye mita hazikutikisika.

"Unaona? Iko motoni na wala haina habari."

Akachukua mpya kutoka kwenye boksi, nayo akaichovya vilevile, maana yeye haamini boksi. Namba zikaporomoka papo hapo, kama inavyotakiwa sensa nzima ikipata joto. Akaifunga, akajazia maji, na injini ilipowashwa mshale ukakaa mahali pake.

Feri ikapiga honi. Oddvar akachungulia dirishani ili ashukuru, akamkuta fundi amekiinua kikombe kilekile, anakunywa, kakunja uso.

"Umenipozea kahawa, baba. Nenda."