Pikipiki ya Kumpeleka Mama Nambilanje

Niliondoka Nachingwea kwa sababu ya mgongo wa mama. Sababu nyingine zipo, na anayenijua atazitaja kabla sijafungua mdomo: kwamba tangu nikiwa msichana mdogo nimekuwa nikigeuza shingo kila inapopita pikipiki kubwa ya safari, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku ubavuni, kwamba riwaya ninayoiandika ina mwanamke anayeendesha moja ya aina hiyo kutoka Songea mpaka baharini, na mimi mwandishi wake nilikuwa sijawahi kuendesha kitu kizito kuliko kipikipiki cha kaka yangu. Yote ni kweli. Lakini safari hii ilikuwa ya mgongo.

Mama yangu mdogo, Mama Somoe, anaishi Nambilanje, kule juu kabisa wilayani Ruangwa. Binti yake Zuhura alikuwa ndani akifundwa, na wiki iliyokuwa inakuja angetolewa. Katika ukoo wetu mwali hatoki mbele ya watu mpaka mama yake mkubwa amfunge kanga ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkubwa wa Zuhura ni mama yangu, naye tangu aumie kiuno shambani alishapanda bodaboda mara moja tu kwenda huko kwenye sherehe nyingine. Alishushwa kama gunia, na sherehe nzima aliisikiliza akiwa amelala kifudifudi. Safari hii alipiga simu kusema hatakwenda.

"Basi mwanangu atazeekea ndani," Mama Somoe alijibu kwenye simu, na wote wawili wakacheka. Baadaye nilimkuta mama uani akipepeta ufuta uliokwisha kupepetwa.

"Mama, nitanunua pikipiki nzuri nikupeleke."

"Ipi hiyo isiyokuwa na matuta?"

"Matuta ni ya barabara, mama."

"Basi nunua barabara."

Asubuhi na mapema nilikuwa kituoni Nachingwea, akiba yangu ya misimu ya ufuta imefungwa kiunoni chini ya gauni. Umande ulikuwa bado juu ya mikorosho. Mashambani ufuta uliokatwa ulisimamishwa mafungu mafungu, vichwa vimeegemeana, kama majirani wanaosengenya. Nilikaa dirishani nikisoma barabara kama mtu atakayeulizwa maswali juu yake: hapa lami, hapa vumbi jekundu, hapa makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika. Kila basi liliporuka, niliuona uso wa mama.

Ruangwa, jua likiwa limeshapanda, Chidi alikuwa ananisubiri nyuma ya soko. Chidi ni dalali wa pikipiki, kijana mwembamba mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, na maneno yake mengi yamefika Ruangwa kwa redio kutoka Dar.

"Dada mwandishi! Karibu uone chuma."

Akaivuta turubai. Nakiri moyo ulinidunda. Ilikuwa nyeusi, ndefu, imeinua kifua kama farasi aliyesikia jina lake. Ililetwa na mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuja kutafuta madini ya kinywe, akaondoka akaiacha. Nilijikumbusha kwamba sikuja kupenda, nimekuja kununua, nikaweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto.

"Umeiwasha kabla sijafika?"

"Nilikuwa naipasha tu, dada. Kuna baridi."

"Baridi gani ya kuishika pikipiki, Chidi?"

Akacheka, akatazama pembeni. Pikipiki ya zamani inatakiwa uikute baridi, uione inavyoamka. Hata hivyo niliikagua: cheni, tairi, matone ya oili chini, kadi na jina lililoandikwa humo. Nikaipeleka barabarani. Kwenye lami ilikuwa wimbo. Upepo ulipita juu ya kichwa changu, mikorosho ikaanza kukimbia, nami nikawa tayari ni yule mwanamke wa kwenye riwaya, bahari iko mbele, hakuna mgongo wa mtu yeyote duniani.

Niliporudi ilibidi nigeuze kwenye mchanga karibu na vibanda vya mihogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mguu mmoja tu ndio unaofika chini, tena kwa ncha ya vidole. Uzito wote wa lile dude ulikuwa juu, karibu na kifua changu. Lilianza kuinama polepole, kwa adabu, na mimi nikiinama nalo, mpaka tukalala wote mchangani mbele ya wauza mihogo.

"Dada, hiyo ni mashine, siyo kitanda!" Chidi alipaza sauti huku akija mbio.

"Mletee shuka!" akadakia mama mmoja wa mihogo.

Sikuumia. Na aibu ya namna hiyo Ruangwa haidumu; nilipewa kipande cha muhogo cha kunipoza. Kilichoniuma ni kwamba bado niliitaka. Nilikuwa nimekwisha anza kujidanganya kwamba soli nene ya kiatu ingetosha. Nikamwambia Chidi nitamtengenezea mama mto wa sponji, ajifunge leso kiunoni, tutakwenda polepole.

Chidi aliacha kucheka. "Kumbe unataka ya kubebea mama?"

"Mama, mwenye kiuno kibovu. Nambilanje."

"Mbona hukusema, dada? Hii ukianguka nayo na bi mkubwa nyuma, mimi Ruangwa nitahama." Akakuna shingo. "Kuna Msukuma mmoja, mfugaji, Mbwemkuru kule. Anayo moja ya kizamani. Haina sura. Nenda kaione, na ukiichukua unikumbuke."

Mbwemkuru nilifika mchana kwa bodaboda, nikiwa nyuma ya kijana aliyeyafuata mashimo yote kana kwamba anayahesabu. Boma la Baba Kabula lilikuwa na miti ya miiba iliyopangwa duara, ndama wamefungwa kivulini, na harufu ya maziwa yaliyoanza kugeuka. Yeye na mkewe walitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao, na bado kuna watu wa kwetu wanaowatazama kwa jicho la pembeni. Nilijua salamu moja tu ya Kisukuma, nikaitoa kwa heshima zote.

"Mwangaluka!"

Mama Kabula, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alitazama jua. "Asubuhi yenu huku huwa inachelewa hivyo? Haya, karibu ukae."

Nilipojitaja kuwa Mmwera nikaona bora nilitoe lililokuwa kifuani. "Ng'ombe wenu walikula mbaazi za mjomba wangu mwaka jana."

"Mjomba wako alipanda mbaazi kwenye njia ya ng'ombe," Baba Kabula alijibu taratibu.

"Njia ya ng'ombe ipo huku tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

Tukatazamana, kisha tukacheka wote watatu. "Basi utani tumeshauanza," alisema, "hatukusubiri babu zetu watupangie."

Pikipiki ilikuwa chini ya kibanda cha nyasi. Chidi alisema kweli, haikuwa na sura. Rangi ilishapauka ikawa kama majivu, kioo cha upepo kina ufa, kiti kirefu kimevishwa ngozi ya ng'ombe yenye mabaka. Ilikuwa fupi na pana kama mtu aliyezoea kubeba. Injini yake nilipoigusa ilikuwa baridi kabisa. Katika sanduku la ubavu wa kushoto, kifuniko kikiwa wazi, kuku mwekundu alikuwa ameatamia, akanitazama kwa jicho moja.

"Huyo hatikiswi," Mama Kabula alisema.

Mumewe hakubisha. Alileta spana, akalifungua sanduku zima, akalibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala, akaliweka kivulini. Kuku hakuinuka.

Niliikagua kama nilivyoikagua ile ya kwanza. Iliwaka bila kelele. Nilipoikalia, nyayo zangu zote mbili zilikaa ardhini. Nikaizungusha katikati ya ndama, uwanja mdogo kuliko baraza letu, ikageuka bila ubishi, klachi laini, usukani mpana unaofuata mkono. Nikaanza kumuuliza Baba Kabula maswali: shokapu zilibadilishwa lini, inakunywa mafuta kiasi gani, mwendo mrefu inapata joto? Alijibu yote vizuri. Mkewe alisimama amekunja mikono.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Tumetoka nayo Magu mpaka hapa, ng'ombe kwenye lori, sisi nyuma yao. Yeye alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma. Injini muulize yeye. Makalio niulize mimi."

Nilizima injini. Nchi nzima nimezunguka kichwani na pikipiki, na katika riwaya yangu yote yule mwanamke hana abiria. Ruangwa nilikaa mbele, hapa nimekaa mbele.

"Nakuuliza, mama."

Alinieleza akiishika pikipiki kila mahali alipopataja. Siku za mwanzo magoti yalimuuma kwa kukunjwa, mumewe akavishusha vikanyagio vya nyuma. Ekzosi ilimchoma, akanionyesha kovu, ikazungushiwa bati. Mgongo haukuwa na pa kuegemea, wakafunga nyuma sanduku la tatu na kulivisha ngozi. "Baada ya hapo nilisinzia," alisema. "Singida nzima sikuiona."

Kisha akaniamuru nikae nyuma. Baba Kabula alinipitisha njia ya kwenda kunywesha ng'ombe, yenye alama za kwato zilizokauka ngumu kama mawe. Nilisubiri lile pigo la uti wa mgongo ninalolijua. Lilikuja limelegea, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Halafu tukabadilishana: mimi mbele, Mama Kabula nyuma, na uzito wake wote haukuiyumbisha.

"Acha kubana breki kama unakamua!" alinipigia kelele sikioni. "Kushoto! Tazama mbali, usilitazame shimo, utaliingia!"

Bei tulielewana juu ya bakuli la maziwa ya mgando. Lakini sanduku la kushoto lilikataliwa katakata mpaka vifaranga vitoke. Pikipiki ikabaki imeelemea kulia. Baba Kabula aliizunguka, akaingia ndani, akatoka na kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vyao vilivyokatwa na kukaushwa, akakifunga upande mtupu mpaka ikasimama sawa.

"Mpelekee mama. Atafune njiani, asikupigie kelele."

"Wabeja," nikashukuru kwa Kisukuma, na safari hii sikuchekwa.

Jioni nilirudi kupitia Ruangwa. Chidi aliniona kwa mbali, akaona unyoya uliong'ang'ania kwenye ngozi ya kiti. "Dada! Ndiyo umenunua banda la kuku?" Nilimpa cha kumkumbuka nikaendelea. Mbele kidogo tairi la mbele liliingia kwenye mchanga mzito, usukani ukayumba. Nikashusha miguu yote miwili na pikipiki ikasimama, mimi juu yake. Nilikaa pale kidogo, moshi wa majiko ukipanda vijijini, jua likiwa la rangi ya bibo lililoiva. Sikuwa mwanamke wa kwenye riwaya. Nilikuwa mtu mwenye vumbi puani na michembe ubavuni, nami niliridhika.

Nachingwea, mama aliizunguka kama anayekagua posa. "Inanuka ng'ombe." Akaikalia ikiwa imesimama, akaegemea, akatafuna michembe, akauliza inaitwaje, akaomba mingine. Hakusema atakwenda. Lakini asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta mlangoni amevaa baibui, kanga mpya ya Zuhura ameishika kifuani, miguu imeshavaa raba za kaka.

Mbekenyera tulipumzika. Alishuka mwenyewe, akanyoosha kiuno, akapanda mwenyewe. Baada ya hapo ndipo barabara ilipoharibika. Niliendesha nikitazama mbali, nikisikiliza pumzi yake nyuma ya shingo yangu kuliko nilivyoisikiliza injini. Tulipoteremka korongo moja akanigusa bega, nikasimama.

"Umeumia, mama?"

"Hapa ndipo nilipolia mara ile," alisema, akilitazama korongo. "Haya, twende."

Wanaoniuliza sasa namna ya kuchagua pikipiki ya safari ndefu iliyokwisha tumika nawaambia mambo ya kawaida: ikute baridi, hakikisha nyayo zako zinafika chini, igeuze mahali padogo kabla hujaikimbiza mahali pakubwa. Kisha nawaambia wakae nyuma, na wamtafute aliyekuwa akikaa nyuma, wamsikilize mpaka amalize. Hilo nimelijifunza Mbwemkuru, na nimeirudia riwaya yangu kuanzia mwanzo, nimempa yule mwanamke abiria.

Nambilanje walitusikia kabla hawajatuona. Vigelegele vilianzia nyumba za kwanza vikatutangulia mpaka kwa Mama Somoe, aliyetoka mbio na unga mikononi, akashika usukani kana kwamba tungeondoka tena.

"Dada, umefika! Mgongo je? Shuka, mwali anakusubiri."

Mama alikaa wima juu ya ngozi ya mabaka, akautengeneza mtandio wake, akatazama njia tuliyotokea, kisha ile inayozunguka nyuma ya msikiti.

"Nitashuka," alisema. "Mwanangu, zungusha kwanza mara moja. Wale wa upande ule hawajaniona."