Mazoezi ya Furaha

Mwaka tulipohamishiwa kijijini, niligundua kwamba furaha nayo ina mazoezi. Kila jioni, tukitoka shamba la pamoja, mwenyekiti alitupanga kando ya barabara tufurahi. Wazee mbele, wapiga ngoma katikati, wanawake wa vigelegele mwisho. Akipunga kofia, tunafurahi. Akiishusha, tunaacha. Aliyefurahi kabla ya wakati alikaripiwa.

Tulikuwa tunamngoja mkubwa mmoja kutoka mkoani, aje kujionea tulivyoupokea uhamisho. Tuliupokeaje? Lori lilikuja, tembe letu likabomolewa, tukapakiwa pamoja na kuku. Hilo halikuwemo kwenye wimbo tuliofundishwa.

Shida ya mwenyekiti ilikuwa mama yangu. Upande wote wa Issuna hakukuwa na mwanamke mwenye kigelegele kama chake, na tangu tuhame hakuwahi kukitoa.

"Mama, mgeni atasema hatuna furaha," mwenyekiti alimbembeleza.

"Atakuwa hajakosea," mama alijibu, akaendelea kupeta mtama.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imefika mwezi wa tisa. Kwetu, zalio la mtoto, yaani kondo la nyuma, linapofukiwa ndipo panapokuwa kwao, na mama alikuwa ameapa kwamba la mjukuu wake litafukiwa kwenye mahame yetu, penye makaburi ya wazee wake, si katika kijiji kilichopimwa kwa kamba. Alitaka twende kule mapema, nikajifungulie hukohuko. Mwenyekiti akakataa: hatoki mtu mpaka mgeni aje. Mgeni naye, kama walivyo wakubwa, kila siku alikuwa anakuja kesho.

Siku aliyokuja kweli tulisimama juani tangu asubuhi. Mchana uchungu ukanishika. Nyumba ya karibu ilikuwa ofisi ya kijiji, na humo kulikuwa na chumba alichoandaliwa mgeni apumzike: kitanda cha kuazima, shuka jeupe, hata ua la karatasi. Mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alinilaza hapo, akamwita mkunga, akafunga mlango. Matunda ya uhuru niliyaonja mimi kabla ya mgeni.

Binti yangu alitoka akilia. Mama akamtazama, na kigelegele kikamtoka. Sidhani kama alikusudia. Kwetu kigelegele cha uzazi kikisikika, kila mwanamke aliye karibu lazima akiitikie. Anayenyamaza anamtakia mtoto mabaya. Basi mstari mzima ukageukia ofisini na kuitikia, na wapiga ngoma wakapiga bila kungoja kofia.

Ndipo gari la mkubwa likaingia.

Mkunga alichungulia dirishani akanisimulia: mgeni ameshuka, mkono kifuani, anaipungia migongo ya watu. Mwenyekiti naye akapunga kofia haraka haraka, asije akaonekana hahusiki. Hotuba niliisikia mwenyewe, maana ilitolewa karibu kabisa na kichwa changu. Mgeni alisema hajawahi kuona wananchi walioyapokea makazi mapya kwa furaha ya moyoni namna ile, furaha isiyo ya kufundishwa. Akaomba vigelegele virudiwe. Wanawake wakajaribu, vikatoka vyembamba, kama watu wanaofukuza kuku.

Mama hakutoka. Alikuwa ameshika chungu chenye zalio, ameinamisha kichwa. Kwenda kwenye mahame ni mwendo wa siku nzima, na zalio haliruhusiwi kuchwewa na jua kabla ya kufukiwa. Nilimwona akiwaza, nikaona na alipoacha kuwaza. Makofi yalipokuwa yakipigwa mbele ya ofisi, alichukua jembe, akapita mlango wa nyuma, akachimba. Nilimsikia akishindilia udongo kwa mguu.

Aliporudi alikaa nami kwenye shuka la mgeni, machozi yakimtoka.

"Basi," akaniambia kwa Kinyaturu, "sasa hapa ndipo kwetu."

Nje kofia ilipungwa, wakashangilia.