Shule ya Madunguni

Walisema sitaweza. Mtoto wa mpagazi, walisema wazee wa barazani pale Kivinje, hata akirudi na cheti chenye muhuri kutoka shule ya serikali ya Tanga, atabaki mtoto wa mpagazi. Mmoja wao, aliyevaa kanzu ya hariri iliyotoboka kwapani, alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Huyu anataka kufundisha watoto bila paa. Akafundishe nyani." Wenzake wakacheka mpaka tambuu ikawatoka midomoni. Niliwadharau siku ile, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha.

Ilikuwa baada ya vita vya Majimaji. Askari walikuwa wamechoma maghala bara yote, na watu walikula mizizi ya porini. Boma la Wadachi likatoa amri kwa akida wetu: kila mwenye nyumba kubwa apeleke wanawe shule. Jengo halikuwapo. Jengo la nini? Nikaomba kipande cha pori kwenye njia ya kwenda Pande, nikasema watoto watasoma mlemle watakamolima, na watashiba kwa walichosomea. Mwalimu mwingine angengoja mabati. Mimi sikuzaliwa wa kungoja.

Mbegu sikuwa nayo. Bibi mmoja wa Njinjo, mjane, alikuwa ameficha mtama wa kupanda, na hakuugusa hata njaa ilipomuulia wajukuu. Akanipimia nusu yake.

"Mjukuu wangu," akasema, "huu ukipotea, mwakani nitapanda nini? Kokoto?"

"Hautapotea, bibi."

Mhunzi akanikopesha majembe, jirani akanikopesha vipande vya muhogo vya kupanda.

Waungwana walitii amri kwa namna yao. Kwao muungwana hashiki jembe. Jembe ni la mtumwa. Basi wana wao wakabaki nyumbani wakinenepa kwa haluwa ya kukopa, na mahali pao wakaletwa wazalia, watoto wa watumwa wa nyumbani. Yule wa kanzu ya hariri aliwasimamisha vijana wanne mbele ya akida akaapa, "Hawa wanangu." Kila mtu alijua. Akida pia alijua, akawaandika. Mimi nilifurahi. Wale watoto wa haluwa ningewafanyia nini?

Tulifyeka kabla jua halijawa kali, tukapima matuta kwa kamba yenye mafundo, na hesabu ikawaingia kupitia viganja. Herufi waliziandika kwa kijiti juu ya majivu ya visiki tulivyochoma. Mtama ulipotoa masuke tukajenga madungu, vichanja vya juu vya kulindia shamba, na kila dungu likawa darasa: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anavurumisha mawe kwa kombeo. Sijui shule nyingine ambayo silabi zake zilifukuza nyani.

Siku ya kupura, muungwana yule akaja na punda wake na magunia matupu.

"Salamu alaikum," nikamwambia. Aliingoja shikamoo. Hakuipata.

"Mwalimu, nimefuata mali yangu," akasema. "Waliolima ni wazalia wangu, na jasho la mtumwa ni la bwana wake. Au huko Tanga hawakukufundisha?"

Dasturi ilikuwa upande wake, na akida, aliyekuja kuchukua fungu la boma, asingeipinga. Niliuona mtama wa bibi unapanda punda.

"Wazalia?" nikasema. "Bwana akida, si aliapa mbele yako kwamba ni wanawe? Kama ni wazalia, amemdanganya Mdachi, na wanawe hawajakanyaga shule hata siku moja. Adhabu yake ni kiboko. Kama ni wanawe, basi muungwana amezaa wakulima, na mavuno ya shule ni ya shule. Achague."

Akida alikuna shingo akamgeukia. "Haya, bwana mkubwa. Ni nani hawa?"

Kabla hajajibu, mkubwa wa wale wanne, aliyekuwa anapeta, akaweka ungo chini, akaja mbele kwa adabu zote.

"Shikamoo, baba."

Wanawake waliokuwa wanapura wakajifunika nyuso kwa kanga. Mzee akatazama punda, akatazama kiboko kilichoning'inia mkononi mwa akida.

"Marahaba," akasema.

Magunia yalirudi matupu. Wale vijana wakabaki kwangu, maana baada ya siku ile asingeweza tena kuwaita watumwa mbele za watu.

Mhunzi nilimrudishia majembe yakiwa yamenolewa. Jirani nilimpelekea vipande vya muhogo vingi kuliko alivyonipa. Mwisho tukaenda Njinjo, vijana wamebeba mtama kichwani. Bibi akatoa pishi yake, akapima mwenyewe, akatafuna punje moja, akapima tena.

"Umezidisha," akasema.

"Nimezidisha makusudi, bibi. Nataka wasikie Kivinje."

"Watasikia. Nitawaambia mimi."

Nikarudi sina deni la mtu yeyote, nikipita katikati ya njia, wenye kanzu wakinipisha.